Miaka Yangu Mdomoni mwa Beki

Wadogo zangu mnaotua Guangzhou na shahada ya Kichina, halafu mnanitafuta kuuliza kama ukalimani ni kazi ya kumweka mtu mjini, nimechoka kumjibu kila mmoja kwa simu. Nawajibu wote hapa. Najua mtacheka mkisikia mtu ambaye hata mvi moja hajaota anajiita mstaafu. Chekeni. Mpira hustaafisha watu mapema, na mimi nilikuwa mpirani, ingawa sijawahi kupiga mpira ukaenda nilikotaka. Nilikuwa mdomo wa beki. Siku hizi nipo kwenye ghala nyuma ya barabara ya Guangyuan Xilu, nahakikisha marobota ya nguo yameandikwa alama sawasawa kabla ya kupakiwa kontena. Robota halisemi. Hiyo ndiyo sifa yake kubwa.

Mwanzo huu nimeuandika na kuufuta mara nyingi, kwa sababu kila nikiusoma naona kama najitetea. Labda najitetea. Someni tu.

Kihispania nilijifunza kwa woga. Chuoni hapa tuliambiwa tuchague lugha ya pili ya kigeni, na wenzangu wakakimbilia Kifaransa ili wafanye kazi na Wakongo wanaonunua nguo Zhanqian Road. Nikawaza: wote wakienda Kifaransa, nani atatuajiri? Nikachagua Kihispania. Kesho yake nikawaza kwamba huenda wenzangu nao walishawaza hivyo hivyo, wakaona Kihispania hakina mnunuzi. Lakini nilikuwa nimeshajiandikisha. Kilichoniokoa ni kwamba irabu zao ni tano tu, zilezile zetu. Wakati wengine darasani wanang'ata ulimi, mimi nilikuwa nasoma kwa sauti kama mtu anayesoma gazeti la nyumbani, bila kuelewa hata sentensi moja. Mwalimu alinisifu sana.

Ukalimani wenyewe sikufundishwa chuoni. Nilifundishwa sokoni, na Bi Rukia.

Bi Rukia ni Mzanzibari, muuza madera na mitandio, na ndiye mwenye ghala ninalofanyia kazi sasa. Wakati huo nilikuwa mwanafunzi mwenye njaa, naye alinichukua tu nimfuate madukani niwe mdomo wake. Siku ya kwanza mwenye duka, mwanamke mmoja mkali, alitaja bei. Bi Rukia akanigeukia.

"Mwambie ana wazimu. Mwambie kitambaa hiki kwetu tunafutia taa."

Nikamwambia yule mama kwa Kichina, neno kwa neno. Wazimu, kitambaa, taa. Alitutoa dukani kwa ufagio. Simaanishi kwa mfano. Ufagio hasa.

Nje Bi Rukia alinikazia macho. "Umemwambia nini?"

"Ulichosema, shangazi."

"Khe! Na nani kakutuma umwambie nilichosema? Nilitaka umwambie apunguze! Mdomo gani huu hauna chujio?"

Basi nikajitia chujio. Bi Rukia akitukana, mimi nasema, "Laoban, mama amependa sana mzigo wako, ila bei inamwumiza." Laoban ndiye tajiri, mwenye duka. Yeye naye akijibu "mei you", hakuna, kwa sauti ya kufukuzia mbwa, mimi namwambia Bi Rukia, "Anasikitika, shangazi, mzigo umekwisha." Nikawa hodari. Kule Pazhou, kwenye maonyesho makubwa ya biashara, niliwapatanisha watu ambao bila mimi wangerushiana sampuli. Hakuna mteja aliyewahi kunilalamikia kwamba hakutukanwa vya kutosha. Nikadhani hiyo ndiyo kazi.

Timu iliyoniajiri baadaye ilikuwa ya daraja la pili. Imeshavunjwa, na jina lake halitawasaidia chochote. Ilimsajili beki wa kati kutoka Hispania, mtu ambaye alishapita umri ambao mabeki wengi wametundika njumu na kufungua mgahawa. Jina lake Anselmo. Mrefu, pua imevunjika mara kadhaa na kurudishwa na watu waliokuwa na haraka, mashavu kama ya mtu ambaye muda wote anatafuna jambo.

Siku ya kwanza alinitazama juu hadi chini. "Wewe ndiye mdomo wangu?"

"Ndiyo."

"Ugiriki mdomo wangu alikuwa mzee mmoja. Alikuwa analala. Wewe unalala?"

"Hapana," nilisema, na hiyo ilikuwa kweli kuliko alivyodhani.

Wachezaji waliniita Fanyi, yaani mkalimani. Anselmo akadhani ndilo jina langu. Nilitaka kumrekebisha siku ileile, nikaona nitamtia aibu mbele ya wenzake. Wiki ya pili nikaona nimechelewa. Mwezi wa pili ingekuwa kama kumwambia nimekuwa nikimdanganya. Basi nikabaki Fanyi mpaka mwisho. Kwa hiyo jambo la kwanza la kikazi ninalowaachia: tajeni majina yenu siku ya kwanza.

Maisha yake ya mpira alinisimulia vipande vipande, ndani ya basi la timu au akiwa amekaa kwenye pipa la barafu huku mimi nimesimama pembeni, nisijue niangalie wapi. Alizaliwa mji mdogo wa kaskazini, baba yake fundi wa matrekta. Alianza kama winga. Alikuwa mzito, kocha akamrudisha nyuma, "kama watu wanavyosogeza kabati lililoziba mlango." Huko nyuma alimkuta beki mkongwe aliyekuwa amekwisha magoti yote mawili, na huyo ndiye aliyemfundisha kwamba beki hukaba kwa mdomo kwanza. Sema kabla mpira haujafika. Ukisema kabla, umefanya kazi. Ukisema baada, unalia tu.

Alicheza karibu maisha yake yote daraja la pili. Msimu mmoja tu alipanda daraja la juu, na timu ikashuka tena, na hadi leo huko kwao watu wakitaja msimu ule wanataja bao alilojifunga. Baada ya hapo Ugiriki. Baada ya hapo huku kwetu. "Beki ni paa," aliniambia. "Hulitaji mpaka livuje."

Alinifundisha pia kumwangalia mshambuliaji kiunoni. Mguu hudanganya, macho hudanganya, kiuno hakijui uongo. Nilipomsimulia Bi Rukia alicheka mpaka akakaa chini. "Hilo siye tunafundishwa unyagoni, mwanangu. Halina haja ya Mhispania."

Sasa nije kwenye neno lenyewe.

Beki wa Kihispania akitaka kuuchukua mpira wa juu hupiga kelele, "Mía!" Maana yake ni wangu, niachieni. Kipa wetu, A-Keung, alikuwa mtoto wa Guangzhou halisi, anayeota kwa Kikantoni. Kwa Kikantoni "me-a?" maana yake "nini?" Siku ya mazoezi ya kwanza Anselmo alipanda hewani akapiga kelele "Mía!", A-Keung akasimama langoni akajibu kwa kelele vilevile, "Me-a?" Anselmo akasikia "Mía!", akadhani kipa anauchukua, akaukwepa. Mpira ukaingia golini taratibu, peke yake, kama mgeni aliyekuta mlango wazi.

Nilipowaeleza, timu nzima ilianguka kwa kicheko. Tangu hapo ikawa salamu. A-Keung alikuwa hawezi kumpita Anselmo kwenye foleni ya chakula bila kumwuliza, "Me-a?" na Anselmo kukumbatia sahani yake na kujibu, "Mía!"

Nikaona kazi yangu ni kulitengeneza. Nikamfundisha aseme kwa Kichina, "Wo de!", ni wangu. Tulifanya mazoezi wawili peke yetu, mimi narusha mpira kwa mkono, yeye anapiga kelele. Akajua. Kwenye mazoezi hakukosea hata siku moja, na kona tulizikaba kwa namba za jezi, kwa hiyo hata kuhesabu kwa Kichina alikuwa anahesabu vizuri. Nikaridhika, jambo ambalo kwangu ni adimu na sasa naliogopa. Ninachowaambia ni hiki: neno alilojifunza mtu ukubwani hukaa sebuleni. Moto ukiwaka, mtu hukimbilia chumbani, kwenye lugha ya mama yake.

Ilikuwa mechi ya nyumbani, mvua ya Guangzhou ile isiyodondoka bali humwagwa. Krosi ikapigwa. Anselmo akarudi kinyumenyume akiutazama mpira, akafungua mdomo, na mimi pale benchini nikasema kimoyomoyo wo de, wo de, wo de.

"Mía!"

A-Keung alilijua neno lile. Tulikuwa tumelicheka miezi. Lakini kulijua ni kichwa, na kusikia ni sikio. Kwa nusu ya pumzi sikio lake lilisikia mtu anauliza nini, akasita. Halafu akakumbuka vibaya, akadhani ameachiwa yeye, akatoka, amechelewa, ngumi mbele. Ngumi haikukutana na mpira, ilikutana na kichwa cha Anselmo.

Mwamuzi alinipungia niingie pamoja na daktari wa timu. Daktari Ou alikuwa mwanamke kijana, mpole, mwenye tabia ya kurudia swali lilelile kwa sauti ileile mpaka ajibiwe.

"Muulize yuko wapi."

Nikamuuliza. Anselmo akafungua jicho moja. "Ndani ya kumi na nane. Mimi ni beki, nitakuwa wapi tena?"

Nikatafsiri. Wachezaji wakacheka, mwamuzi akacheka. Daktari Ou naye alicheka, lakini ndiye wa kwanza kuacha. Akamtoa.

Siku zilizofuata alitueleza, mimi nikitafsiri, kwamba ubongo uliotikiswa unahitaji muda, na kwamba ukigongwa tena kabla haujapona, mtu anaweza kuanguka asiamke. Alisema polepole ili nisikose neno. Anselmo alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwambie asante," alisema. "Halafu muulize mechi ya mwisho ya nyumbani ni lini, kama hajui nitamwambia mimi."

Hiyo ndiyo ilikuwa roho yake yote. Uongozi ulikuwa umemwambia kwamba akirudi uwanjani kabla msimu haujaisha watampa msimu mmoja zaidi. Asiporudi, basi. Na kwa umri wake hakuna timu nyingine duniani iliyokuwa inamsubiri.

Nilikuwa nakwenda kwake kila siku, kwa sababu hata kuagiza maji alihitaji mdomo. Akaanza kufunga mapazia mchana. Akaanza kuvaa kofia ndani ya nyumba. Siku moja akaniambia, "Fanyi, funga daraja, kuna upepo."

Kwa Kihispania mlango ni *puerta*, daraja ni *puente*. Yanaanza sawa. Nikafunga mlango. Ulimi huteleza, nikajiambia, hata wangu huteleza. Nikakaa nikahesabu mara zote ambazo mimi mwenyewe nimewahi kuteleza mwaka ule, ili kujua kama ni kawaida. Kesho yake aliita kijiko saa.

Halafu kikaja kikao cha timu. Kocha alimwomba awapange mabeki ubaoni, maana alikuwa hachezi lakini bado ndiye aliyekuwa akiwapanga. Akasema, "Beki huyu asogee kushoto," mkono wake ukionyesha kulia. Na kulia ndiko kulikokuwa sahihi, kila mtu mle ndani angeona. Mkalimani yeyote mnayemjua angefanya nilichofanya. Nilitafsiri mkono. Kikao kikaendelea, vijana wakaitikia, kocha akaridhika. Hakuna aliyejua isipokuwa mimi, kisha nikaona Anselmo ananitazama, na amejua kwamba nimejua.

Aliniita tutembee kando ya mto, upande wa Pazhou, asubuhi yenye mawingu kwa sababu jua lilikuwa linamkera.

"Daktari ananipima tena Alhamisi," alisema.

"Najua."

"Anasoma maneno matano kwa Kichina, wewe unanipa kwa Kihispania. Ananizungusha na mambo mengine. Kisha ananiambia niyarudie. Mimi nayasema kwa Kihispania, wewe unampa kwa Kichina."

"Ndiyo."

"Basi unaona."

"Naona nini?"

"Usijifanye mjinga, Fanyi, hukuumbwa hivyo. Yule mama hajui Kihispania. Nikisema matatu akasikia matano, nani atajua?"

Mashua ya abiria ilipita, tukaiangalia kama vile wote tulikuja kwa ajili yake.

"Sikuombi uongo," akasema. "Nakuomba unichuje, kama unavyowachuja wale mama zako wa sokoni. Wewe mwenyewe ulinisimulia ukicheka." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nataka kutoka uwanjani kwa miguu yangu. Si kitu kikubwa. Watu hutoka hivyo kila wiki."

Nilimpelekea Bi Rukia jambo hili ghalani. Nilitarajia atanikataza, nipate wa kumlaumu. Alikuwa anakunja mitandio, hakuacha kukunja.

"Mpitishe," alisema.

"Shangazi, anaweza kufa."

"Na gari la mchanga hapo nje laweza kuniua mie. Ni mtoto yule? Kichwa chake, riziki yake. Wewe ni mdomo tu, mdomo hauna dhambi."

"Daktari ananiamini."

"Na huyo beki wako je? Yeye hakuamini?" Akanirushia mtandio. "Kunja. Ukifikiria sana mikono mitupu utapata ugonjwa."

Nilikunja. Nikawaza kujitia homa, lakini wangemtafuta mkalimani mwingine, na mkalimani mwingine asingejua chochote kuhusu mlango na daraja. Nikawaza kumwendea Daktari Ou mapema kwa siri, lakini kinachosemwa mbele ya mkalimani si mali ya mkalimani. Nikawaza kumpitisha kisha nimwombe kocha amtoe mapema. Nikawaza kumwangusha kisha nimwombe radhi kwa barua ya Kihispania safi. Niliwaza njia zote. Mpaka Alhamisi asubuhi nilikuwa bado naongeza njia nyingine.

Chumba cha daktari kilikuwa na kitanda, mzani na dirisha lililofunikwa kwa ajili ya Anselmo. Daktari Ou akasoma maneno yake matano. Nikayatoa kwa Kihispania: mkate, kiti, mto, sabuni, ndege. Anselmo akayarudia yote papo hapo, akatabasamu. Nami nikatabasamu kama mzazi kwenye sherehe ya shule.

"Sasa ataje miezi kinyumenyume," alisema daktari. "Kuanzia mwisho."

"Desemba," alisema Anselmo. "Novemba. Oktoba. Agosti."

Wachina hawana majina ya miezi. Wana namba: mwezi wa kumi na mbili, wa kumi na moja, wa kumi. Hakuna pengo linaloweza kujificha humo, ni kama ngazi iliyong'oka kipandio. Na mdomo wangu, mdomo wa sokoni, uliposikia pengo uliliziba. Nilisema kumi na mbili, kumi na moja, kumi, tisa, nane. Sikuamua. Lilitoka lenyewe, laini, kama nilivyowahi kumwambia laoban kwamba mama amependa sana mzigo wake.

Anselmo alizijua namba. Aliisikia ile tisa. Nikaona mabega yake yakishuka, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mvua akaegemea kiti kama mtu aliyefika nyumbani. Alimaliza miezi iliyobaki bila kosa. Alisimama kwa mguu mmoja, akayumba kidogo, akasimama.

"Vizuri," alisema Daktari Ou. "Sasa arudie yale maneno matano ya mwanzo."

"Mkate," alisema Anselmo. "Ndege." Akasubiri. Uso wake haukuonyesha hofu yoyote, na hilo ndilo jambo baya kuliko yote. Mtu aliyekuwa akihangaika kila siku kutafuta neno la mlango sasa hakuhangaika tena. Alinigeukia, akasema kwa upole, kama mtu anayemwachia mwenzake mpira:

"Mengine mwambie wewe."

Daktari Ou akaniangalia, kalamu juu.

Maneno matatu yalikuwa kwenye ulimi wangu. Kiti, mto, sabuni. Wadogo zangu, nawaapia nilikuwa nimefikiria kila kitu isipokuwa hili, kwamba angesema sentensi nzima, iliyo sahihi, yenye mwanzo na mwisho, na mimi kazi yangu ni sentensi. Nikafungua mdomo.

"Anasema mengine nikuambie mimi," nilisema kwa Kichina.

Kalamu ikasimama.

"Na mwezi wa tisa," nikaongeza, "niliutaja mimi. Yeye hakuutaja."

Daktari Ou aliweka kalamu mezani. Hakunikaripia. Alimtazama Anselmo, kisha akaniambia, "Mwambie hatacheza msimu huu. Na kama akiniuliza mimi, asicheze tena."

Nikamwambia. Alikuwa ameshaelewa tangu kalamu ilipolala. Hakupiga kelele. Alinitazama kiunoni, nadhani kwa mazoea tu, kisha usoni.

"Wewe ni mkalimani mbaya," alisema.

"Anasemaje?" akauliza daktari.

"Anasema mimi ni mkalimani mbaya."

Mnataka kusikia kwamba picha ya kichwa ilionyesha tatizo kubwa, na kwamba mkewe alinipigia simu kunishukuru. Alipelekwa hospitali, akapigwa picha, na picha haikuonyesha kitu. Daktari Ou alisema mtikisiko wa namna hii mara nyingi hauonekani kwenye picha. Nilimtafsiria Anselmo sentensi zote mbili kwa mpangilio huohuo, na alisikia ya kwanza tu. Mechi ya mwisho ya nyumbani ilichezwa bila yeye. A-Keung aliruhusu mabao mawili, na wala hakupiga kelele yoyote mpaka mwisho. Labda Anselmo angecheza, asiguswe na mtu, akatoka kwa miguu yake akipungia watu mkono. Labda angepanda kwenye kona ya kwanza tu akaanguka. Nimekaa na hizi labda mbili mpaka zimezoeana. Bi Rukia alisema neno moja tu, "Haya," akanipa kazi ghalani. Sijui mpaka leo kama lilikuwa la kunihurumia au la kunidharau, na kumuuliza naogopa.

Kuna watakaowaambia kwamba mkalimani ni daraja, na wengine kwamba ni kioo. Mimi sijui ni nini. Najua tu kwamba sokoni nilikuwa nabadilisha maneno ili watu wapate walichotaka, na walikipata, na sikuona ubaya wowote, na hata sasa siuoni. Kule kwa daktari, mwishowe, sikubadilisha. Mkiniuliza sheria ni ipi, sina. Mwenye kuwapa sheria ya jambo hili mwogopeni.

Timu ilinituma nimsindikize uwanja wa ndege, kwa kuwa mkataba wangu ulikuwa bado haujaisha, na hakukuwa na mdomo mwingine. Ndani ya gari alikuwa amevaa kofia na miwani myeusi, amekumbatia begi dogo kifuani. Kwenye kaunta karani, binti mchangamfu, alisoma barua ya daktari, akaona abiria anasafiri na jeraha la kichwa, akauliza maswali yanayoulizwa. Ana dawa? Ana mtu wa kumpokea? Nikatafsiri, akajibu, nikatafsiri. Mkewe atampokea.

"Na wewe ni nani kwake?" karani akaniuliza mimi. "Lazima aseme mwenyewe."

Nikamtafsiria: "Anauliza mimi ni nani kwako."

Anselmo akavua miwani. "Nadie," alisema. Si mtu yeyote.

"Anasema mimi si mtu yeyote," nilimwambia karani.

Binti akainua uso, akacheka, akidhani Kichina changu kimenisaliti. "Anamaanisha si ndugu yake? Rafiki? Mfanyakazi mwenzake?"

Nikayatoa yote matatu kwa Kihispania, taratibu, bila kuliwekea uzito lolote. Anselmo alinitazama. Akafungua mdomo, ukabaki wazi. Paji lake likakunjamana kama lilivyokuwa likikunjamana mbele ya mlango, mbele ya kijiko, akitafuta kitu mahali ambapo alikuwa na hakika alikiweka. Na mimi nilisimama pale bila kujua kama ile nadie ilikuwa ndiyo neno lake, au ilikuwa imeteleza kutoka kwenye neno lingine, na lingine hilo lilikuwa lipi. Ningeweza kumpa moja. Nilikuwa nayo yote mdomoni. Foleni nyuma yetu ikaanza kunung'unika. Akafunga mdomo, akavaa miwani, akasukuma pasipoti yake mbele.

"Basi niandike nini?" karani aliuliza.

"Andika alichosema," nilimwambia.